Ramani Isiyomwona Wakala

Dada mmoja anayefanya kazi benki na kusoma shahada ya uzamili ya biashara jioni alikuja maktabani na kompyuta yake ikiwa tayari imewashwa, kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeleta mgonjwa. Kwenye kioo kulikuwa na picha ambayo siku hizi naiona kila wiki: maduara ya rangi, makubwa kwa madogo, yameunganishwa kwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Ilikuwa ramani ya tafiti za pesa za simu katika fani ya biashara na menejimenti. Alikuwa ameichora mwenyewe usiku mmoja kwa programu ya bure iitwayo VOSviewer, na kusema kweli ilipendeza.

Tatizo lilikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya mkoba. Katika sura ya pili ya andiko lake aliandika kwamba pengo la utafiti ni mawakala. Alisema hakuna aliyewachunguza mawakala wa pesa za simu Tanzania, na ushahidi wake ulikuwa ramani: neno lenyewe halimo. Msimamizi wake aliandika pembeni kwa wino mwekundu maneno matatu tu: "Mawakala wako wapi?"

"Kaka, ramani ndivyo inavyosema," aliniambia. "Sasa Dokta anataka nini?"

Kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa yake. Idadi za makala alizozipata nitaziacha, kwa kuwa ni za tasnifu yake ambayo haijatetewa bado. Lakini njia tuliyopita inaweza kusimuliwa bila idadi hizo, na ndiyo inayonihusu.

Kwa ambaye hajawahi kuchora ramani ya namna hii, kazi haianzi kwa kusoma makala. Unaingia kwenye kanzidata kama Scopus au Web of Science, unaandika maneno ya kutafutia, unapakua taarifa za kila makala iliyopatikana: kichwa, waandishi, mwaka, jarida, ikisiri, maneno muhimu, na orodha ya rejea. Kisha programu inahesabu vinavyojitokeza pamoja. Maneno mawili yakikutana mara nyingi katika makala zilezile, yanasogezwa karibu. Kazi mbili za zamani zikinukuliwa pamoja na makala nyingi mpya, nazo zinasogezwa karibu. Makala mbili mpya zikiwa na rejea nyingi zinazofanana, zinahesabiwa kuwa ndugu hata kama waandishi wake hawajuani. Hizo ni njia tatu tofauti na kila moja inajibu swali lake, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau wakishaona rangi.

Wazo la msingi ni la zamani kidogo. Eugene Garfield alilipendekeza mwaka 1955 katika jarida la Science: tuwe na faharasa inayoonyesha nani kamnukuu nani, kama wanasheria wanavyofuatilia hukumu iliyotumika katika kesi zilizofuata. Katika miaka ya 1960 taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kuichapa. Mwaka 1973 Henry Small, huko Marekani, na Irina Marshakova, katika Umoja wa Kisovieti, walifikia kila mmoja kivyake wazo la kuhesabu kazi zinazonukuliwa pamoja. Kilichobadilika tangu hapo ni urahisi. VOSviewer ya Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden ilielezwa mwaka 2010, na bibliometrix ya Waitaliano Massimo Aria na Corrado Cuccurullo mwaka 2017. Leo ramani ambayo zamani ingehitaji kompyuta ya taasisi nzima inatoka kabla chai haijapoa.

Dada hakukurupuka. Alikuwa amesoma kazi moja nzuri na kuiiga, na hapo ndipo kisa kinapoanza kunoga.

Kazi yenyewe ni ya Antonio-Rafael Ramos-Rodríguez na José Ruíz-Navarro wa Chuo Kikuu cha Cádiz, Hispania, iliyotoka mwaka 2004 katika Strategic Management Journal. Walichukua makala zote za jarida hilohilo, tangu toleo la kwanza la 1980 hadi mwaka 2000, wakachambua zinanukuu nini. Wakaigawa miaka hiyo vipindi vitatu vya miaka saba saba na kutazama mizani inavyohama. Kitabu cha Michael Porter cha 1980 kuhusu ushindani sokoni kiliongoza kwa kunukuliwa. Lakini ukifika kipindi cha mwisho unaiona nadharia ya rasilimali ikipanda: makala ya Birger Wernerfelt ya 1984 na ya Jay Barney ya 1991 zimekaa mbele, na nyuma yao Edith Penrose wa 1959. Yaani fani ilihama kutoka kuuliza "soko likoje?" hadi kuuliza "kampuni ina nini ndani yake?", na kuhama huko kukaonekana kwa hesabu.

Kwa nini iliwafaa wao? Kwa sababu uzio ulikuwa umeshajengwa. Jarida moja, fani moja, wahariri waliokuwa wakichuja kwa miaka ishirini. Walichoahidi ni kueleza jarida hilo linasimama juu ya mabega ya nani, na data yao ilikuwa jarida hilohilo zima. Hakuna kilichobaki nje ya neti.

Pesa za simu hazina nyumba ya namna hiyo. Wachumi wanazo, watu wa mifumo ya kompyuta wanazo, wanazuoni wa maendeleo wanazo, wanasheria wanazo, na kampuni za simu zina ripoti zao. Ukitaka kuzichora, uzio unaujenga wewe mwenyewe kwa vitu viwili: maneno unayoandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na vichujio unavyobonyeza baada ya hapo. Dada alivitumia vyote viwili kwa dakika chache na hakuandika popote alichofanya. Nilimwomba afungue historia ya utafutaji wake. Bahati nzuri ilikuwa bado ipo.

Alikuwa ameandika maneno mawili ya Kiingereza, mobile money, ndani ya alama za kufunga na kufungua usemi. Basi.

Nikamuuliza: mtu wa Kariakoo anaposema "nitumie na ya kutolea", huyo anazungumzia pesa za simu au hazungumzii? Akacheka. Nikaendelea: lipa namba je? Songesha je? M-Koba? Kwa Wakenya, Fuliza? Kila moja ya huduma hizi imeandikiwa na watu, na mtu anayeandika kuhusu mkopo wa kwenye simu anaweza kuita kitu chake mkopo wa kidijitali kuanzia kichwa hadi hitimisho. Wanazuoni nao hawakukubaliana jina tangu mwanzo. Jonathan Donner na Camilo Tellez, mwaka 2008, waliandika kuhusu benki ya simu. Isaac Mbiti na David Weil, katika karatasi yao ya 2011 kuhusu athari za M-Pesa Kenya, nao waliiita benki ya simu. Tavneet Suri na William Jack wakasema pesa za simu. Wengine walisema malipo ya simu, wengine huduma za benki bila tawi, na baadaye likaja neno fintech, yaani teknolojia ya fedha, na kumeza nusu ya watoto wa jirani. Ukitafuta kwa jina moja unapata ukoo mmoja, kisha unadhani ndio kijiji kizima.

Hapo tulikaa muda mrefu kuliko popote. Nilimpa kazi ambayo haina kompyuta: achukue kurasa kumi za daftari, aandike kila jina ambalo kitu hiki kimewahi kuitwa, la kitabuni na la mtaani, la kampuni na la serikali. Aliporudi alikuwa na orodha ndefu kuliko nilivyotarajia. Kumbe mama yake ni wakala, Mbagala.

Sikujua hilo. Aliniambia kama jambo dogo, wakati mimi niliona ndilo lililomfanya achague mada tangu mwanzo na pia ndilo alilokuwa ameliacha nje ya utafutaji wake.

Tukarudi kwenye swali la Dokta. Wakala hakuwepo kwenye ramani, lakini je, hakuwepo kwenye data? Tulifungua faili ghafi, lile la kabla ya kuchora, tukatafuta kwa mkono. Alikuwemo. Alikuwemo kwa Kiingereza cha kila namna: wakala kwa umoja, mawakala kwa wingi, wakala wa benki, wakala wa pesa za simu, mtandao wa mawakala, uwakala wa huduma za fedha. Programu haijui Kiswahili na haijui Kiingereza pia. Kwake kila tahajia ni mtu mwingine. Na VOSviewer, usipoigusa, inachukua maneno muhimu yaliyojitokeza angalau mara tano. Wakala aliyekatwa vipande sita alishindwa kufika mara tano kwa kila kipande, akaondolewa mlangoni. Angeunganishwa kuwa mtu mmoja angepita na kiti akapewa.

Dawa yake ipo na ni nyepesi: faili la visawe. Unaandika safu mbili, kushoto neno lilivyo, kulia neno unalotaka lisomeke, programu inafuata. Humo tuliunganisha pia M-Pesa, Mpesa na M Pesa, ambazo ramani ya kwanza ilizichora kama maduara jirani yanayopendana sana. Majina ya waandishi yana ugonjwa uleule, na kwetu ni mbaya zaidi: mtu mwenye majina matatu anaandikwa mara hii kwa jina la babu, mara ile kwa jina la baba, mwishowe anakuwa watafiti wawili wenye nukuu nusu nusu. Hilo tulilirekebisha kwa wale tuliowafahamu tu.

Kosa la pili lilinichukua muda kulieleza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi katika ramani za biashara na menejimenti. Baada ya kutafuta, dada alibonyeza kichujio cha fani: biashara, menejimenti na uhasibu. Ni jambo la busara kwa mtu wa biashara. Ila kanzidata haipimi makala moja moja. Inalipangia jarida zima fani, na kila makala inarithi fani ya jarida lililoichapisha.

Sasa angalia kinachotokea. Mwaka 2014 Jack na Suri walichapisha katika American Economic Review matokeo ambayo kila mtu wa fani hii anayataja: kaya zisizotumia M-Pesa zikipatwa na janga, matumizi yao yanashuka kwa asilimia 7, na zinazotumia hazitikisiki, kwa kuwa ndugu wa mbali wanatuma. Jarida hilo ni la uchumi, likatoka nje. Mwaka 2016 wawili haohao waliandika katika Science kwamba M-Pesa iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya zote, na kwamba wanawake 185,000 walihamia kwenye biashara. Science ni jarida la fani zote, nalo likatoka nje. Kwa hiyo mkusanyo wa dada kuhusu biashara ya pesa za simu haukuwa na makala mbili zinazojadiliwa kuliko zote, moja yao ikiwa inahesabu wanawake wafanyabiashara.

Alinibishia, na alibisha vizuri. Alifungua ramani yake nyingine, ya kazi zinazonukuliwa pamoja, akanionyesha: "Mbona Jack na Suri hawa hapa, katikati kabisa?"

Kweli walikuwepo. Ramani ya nukuu za pamoja haichori makala ulizopakua. Inachora kazi ambazo makala ulizopakua zimezitaja. Waliofukuzwa kwa mlango wa mbele wanarudi kwa dirisha la rejea. Matokeo yake ni ramani mbili za mtu mmoja zinazopingana: moja inasema Jack na Suri hawamo katika fani, nyingine inasema ndio nguzo. Ukizisoma kwa pamoja unapata jambo la kweli kabisa: watu wa menejimenti wanasimama juu ya kazi za wachumi. Ukisoma moja tu, unapotea. Nilimwambia hilo liingie kwenye tasnifu kama lilivyo, maana ni matokeo, tena mazuri.

Na kwa kuwa tulikuwa hapo, nilimwonyesha kitu ambacho hesabu hazitakuonyesha kamwe. Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliishambulia makala ile ya Science katika Review of African Political Economy. Walisema haikuhesabu biashara ndogo zinazokufa wala madeni yanayowalemea watu, wala faida inayovuka mipaka kwenda kwa wenye hisa. Kwenye ramani, kila anayetaja mabishano hayo anawataja wote. Kwa hiyo mahasimu wanakaa bega kwa bega, rangi moja, uzi mnene kati yao, kama maharusi. Mashine imehesabu kwamba wanatajwa pamoja. Kama wanapendana au wanagombana, hiyo ni kazi ya mwenye macho ya kusoma. Dada alizisoma zote mbili wiki ile, na aliporudi alikuwa upande wa Bateman kwenye madeni na upande wa Suri kwenye mengineyo. Sikuingilia.

Kundi kubwa kuliko yote kwenye ramani yake, jekundu, lilikuwa la watu wanaouliza kwa nini mtu anakubali teknolojia. Katikati yake walikaa Fred Davis wa 1989 na Viswanath Venkatesh na wenzake wa 2003, wote kutoka MIS Quarterly, jarida ambalo kichujio cha biashara kinalipitisha bila swali. Nikiri upendeleo wangu: kundi hili limenichosha. Dodoso, wepesi wa kutumia, manufaa yanayotarajiwa, nia ya kutumia, mshale kwenda kulia. Unaweza kuondoa pesa za simu ukaweka mashine ya kufulia na makala ikasimama. Lakini ni kubwa kwa sababu inayoeleweka: dodoso hilo ni rahisi kwa mwanafunzi asiye na fedha za utafiti, linatumika nchi yoyote, na rejea zake ni zilezile, kwa hiyo makala zake zinavutana kama sumaku. Ukubwa wa duara unapima watu wangapi wamepita njia hiyo. Kwamba swali hilo ndilo linalomkosesha usingizi mwenye kibanda Mbagala, ni jambo la kupimwa kwingine.

Mwanzo wa huduma yenyewe unacheka na kundi hilo. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kuundwa kwa M-Pesa, waliandika mwaka 2007 jinsi majaribio yalivyoanza Oktoba 2005 kwa lengo la watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa. Kampuni ikawafuata wateja wake, ikazindua Machi 2007 huduma ya kutuma nyumbani. Hakuna dodoso la nia lililotangulia.

Kikapu cha tatu cha makosa kilikuwa kanzidata yenyewe. Scopus na Web of Science zinachagua majarida, na majarida mengi ya vyuo vyetu hayamo. Ripoti hazimo pia. Sasa, mawakala wameandikwa wapi? Taasisi ya Helix, ya mambo ya fedha za kidijitali, ilifanya uchunguzi wa mawakala Tanzania mwaka 2013 na kutoa ripoti ya nchi. FinScope Tanzania imekuwa ikiuliza watu kuhusu huduma za fedha kwa miaka kadhaa. Wahadhiri wa hapa wanachapisha katika majarida ya hapa, na wanafunzi wa uzamili wameandika tasnifu ambazo zimelala kwenye hifadhi za vyuo. Sehemu kubwa ya maandishi haya haina pa kuingilia kwenye faili lile ambalo dada alipakua usiku mmoja.

Tulijaribu njia mbili. Kwanza OpenAlex, iliyozinduliwa Januari 2022 na shirika lisilo la faida la OurResearch, ambayo ni ya bure na inakusanya kwa mapana zaidi. Neti yake ni kubwa lakini inavua na takataka: kazi moja mara mbili, mwaka uliokosewa, ikisiri iliyopotea, rejea nusu. Mbiti na Weil, kwa mfano, wapo kama karatasi ya kazi ya 2011 na tena kama sura ya kitabu ya 2016. Usipowaunganisha wanagawana nukuu. Pili, African Journals Online, maarufu AJOL, inayohifadhi majarida ya bara hili tangu 1998 na ambayo sasa makao yake yako Afrika Kusini. Huko tulinakili kwa mkono. Jioni tatu, chupa mbili za soda, jedwali moja la kompyuta. Wala sioni haya kusema hivyo: sehemu bora ya ramani yake ya mwisho haikutoka kwenye programu.

Baadhi ya wasimamizi hawapendi mchanganyiko huu. Wanataka kanzidata moja, kichujio kimoja, mchoro wa mtiririko wa hatua, kila mtu aweze kurudia. Wana hoja. Tuliamua kuchora mbili: moja ya Scopus peke yake, safi, inayorudiwa, na nyingine yenye kila kitu, kisha sura ieleze tofauti kati ya hizo mbili. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 kuhusu matumizi ya vipimo vya utafiti ina kanuni moja katika kumi zake inayodai ubora wa tafiti zenye manufaa ya mahali zilipofanyika ulindwe. Dada aliitaja kwenye andiko, na hapo Dokta hakuweka wino.

Mwelekeo wa miaka ulikuwa mwepesi kulinganisha na hayo. Mchoro wake wa mstari ulipanda vizuri kisha ukadondoka mwaka wa mwisho, naye akaandika kwamba hamu ya watafiti imepungua. Alitafuta mwezi wa Mei. Mwaka haujaisha, utadondokaje usidondoke? Tuliukata mwaka huo. Pia kanzidata zote zinakua kila mwaka kwa kila mada, kwa hiyo kupanda peke yake hakusemi kitu mpaka ukulinganishe na ukuaji wa fani nzima. Tulilinganisha na machapisho yote ya biashara na menejimenti katika kanzidata hiyohiyo, na mlima ukawa kilima, ingawa kilima cha kweli.

Rangi za miaka zilitupa jambo moja la kukaa nalo. Programu inalipatia kila neno wastani wa mwaka wa makala zake: bluu ya zamani, njano ya juzi. Maneno ya kukubali teknolojia yalikuwa katikati. Mikopo ya kidijitali na fintech yalikuwa njano. Kodi ilikuwa duara dogo la njano pembezoni, na kwa Mtanzania duara hilo halihitaji maelezo: tozo ya miamala ilianza Julai 15, 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo baada ya kelele. Mama yake dada aliona wateja wakipungua kabla ya mtafiti yeyote kufungua kompyuta. Kuanzia wateja kupungua hadi makala kuchapishwa ni miaka miwili, mitatu. Mpaka inukuliwe vya kutosha kuonekana kwenye ramani ya nukuu za pamoja, ni zaidi. Kwa anayetafuta mambo mapya, ni afadhali ramani ya makala zinazoshiriki rejea, kwa sababu makala ya juzi ina rejea tayari hata kama haijanukuliwa na mtu. Tuliichora hiyo pia, na kwenye sura ndiyo tuliyoitanguliza.

Mambo madogo mengine tuliyapita haraka. Juu na chini ya ramani havina maana, kwa hiyo sentensi yake iliyosema mada fulani "imeshuka" kwa kuwa ilichorwa chini ilifutwa. Idadi ya makundi inategemea namba moja kwenye mipangilio. Ukiipandisha, makundi matano yanakuwa tisa. Tulijaribu thamani tatu na kubakiza makundi yaliyosimama katika zote.

Ramani ya mwisho haikuwa nzuri kwa macho kama ya kwanza. Ina kundi la mawakala, dogo, upande wa kulia, limeunganishwa kwa uzi mnene na neno la ukwasi, ambalo kwa lugha ya kibandani ni floti: pesa taslimu zimejaa droo na salio la simu limekwisha, au kinyume chake, na mteja amesimama. Pengo la "hakuna aliyechunguza mawakala" likafa. Lakini alipozisoma zile makala, kwa macho, moja moja, dada aliona karibu zote zinamhoji wakala mmoja mmoja kuhusu floti yake. Alichokijua yeye kutoka nyumbani ni kwamba mama yake haishiwi floti peke yake. Anamkopa wa jirani asubuhi, anamrudishia jioni, hakuna karatasi, na kuna siku wanakosana. Swali lake jipya likawa hilo: mawakala wanavyokopeshana floti bila mkataba.

Andiko lilirudi kwa Dokta. Wiki mbili baadaye dada alinitumia picha ya ukurasa kwenye simu. Chini ya kichwa kipya, kwa wino uleule mwekundu, kulikuwa na alama ya vema na mstari mmoja: "Sawa. Na wakala mkuu je?"

Tukafungua tena faili la visawe.